Kugawanya: Somo la Kale katika Bonde la Nile

Msafiri anayeingia Juba kwa njia itokayo Yei huupita mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur. Jebel ni neno la Kiarabu lenye maana ya mlima, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo ndugu yake, yaani jabali. Kujur, katika Kiarabu cha Sudani, ni jina la kuhani au mganga wa jadi. Chini ya mlima huo umekua mtaa mkubwa ambao watu huuita Jebel tu, na mtaa huo una soko lake. Kando ya mlima wanawake na vijana huketi wakiponda mawe kuwa kokoto, wakiyarundika mafungu mafungu ili wajenzi waje kununua. Sokoni nako nyanya, vitunguu na maembe hupangwa kwa mafungu, na nafaka hupimwa kwa malwa, kipimo kinachokaribia kilo 3 na nusu.

Tumfikirie mtoto mmoja wa mtaa huo, mwenye umri wa miaka kumi hivi, anayemsaidia mama yake sokoni baada ya masomo. Akikabidhiwa maembe 30 na kuambiwa ayapange sita sita, atayapanga mafungu matano bila ya kutaabika. Kesho yake mwalimu akiandika ubaoni 30 ÷ 6, mtoto huyo huyo aweza kukodoa macho asijue pa kuanzia. Mwalimu atasema kwamba mtoto hajui kugawanya. Mama yake, kama angeulizwa, angesema kwamba anajua. Ni nani kati yao asemaye kweli?

Swali hilo si dogo. Katika kugawanya ndimo watoto wengi wanamoanza kuamini kwamba hisabati haikuumbwa kwa ajili yao. Kujumlisha na kutoa huweza kufanywa kwa vidole, na kuzidisha huweza kukaririwa. Kugawanya kwa njia ndefu humtaka mtoto akadirie, azidishe, atoe, ashushe tarakimu, kisha arudie tena kazi hiyo toka mwanzo. Akipotea hapo, atapotea pia katika sehemu, desimali, asilimia na uwiano, kwa sababu mambo hayo yote yamejengwa juu ya kugawanya. Na mtoto aliyekwisha kuamini kwamba hawezi, katika mji ambamo soko liko karibu kuliko shule, haichukui muda kabla hajaiacha shule.

Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba mama yule amekaribia ukweli kuliko mwalimu. Watu wa bonde la Nile waligawanya kwa maelfu ya miaka kabla ya kuzaliwa kwa kanuni tunayoiandika ubaoni leo. Njia waliyoitumia ilidai maarifa mawili tu, kuzidisha kwa mbili na kukata nusu. Maarifa hayo mtoto wa Jebel anayo tayari, na lugha yetu ya Kiswahili imeyahifadhi katika maneno yake ya kila siku.

Lugha za shule mjini Juba

Kabla ya kuingia katika hesabu yenyewe, yafaa tuufahamu mzigo ambao mtoto wa Juba ameurithi. Mwezi wa Aprili mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliitisha mkutano wa lugha mjini Rumbek. Ilikubaliwa huko kwamba shule za chini za Kusini zitumie lugha chache za wenyeji, miongoni mwazo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilatuko, Kishiluki na Kizande, na kwamba Kiingereza kifuate katika madarasa ya juu. Kiarabu kiliwekwa kando. Baada ya Mkutano wa Juba wa mwaka 1947 mwelekeo uligeuka, Kiarabu kikaanza kuingizwa shuleni. Mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya Sudani kupata uhuru, serikali ilizitwaa shule za misheni za Kusini. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yakakipa tena Kiingereza nafasi ya lugha kuu ya Jimbo la Kusini, hali Kiarabu kikiwa lugha rasmi ya nchi nzima.

Vita vilirudi mwaka 1983, na kwa miaka 22 iliyofuata watoto wa nchi moja walisoma kwa njia mbalimbali. Mjini Juba, uliokuwa mikononi mwa serikali ya Khartoum, Kiarabu kilizidi kupata nguvu madarasani. Katika maeneo yaliyoshikwa na wapiganaji, vitabu vya Kenya na Uganda vilitumika. Watoto waliokimbilia Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, walisoma mtaala wa Kenya, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya masomo yao. Amani ilitiwa saini mwaka 2005, na tarehe 9 Julai 2011 Sudani Kusini ikawa nchi huru. Katiba ya Mpito ya mwaka huo ilikiteua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia. Mtaala mpya uliozinduliwa mwaka 2015 uliagiza kwamba miaka mitatu ya mwanzo wa shule ya msingi ifundishwe kwa lugha za wenyeji, kisha Kiingereza kishike zamu kuanzia darasa la nne.

Hapa ndipo penye shida yetu. Kugawanya kwa njia ndefu hukutana na mtoto karibu na darasa lile lile ambamo lugha ya kufundishia hubadilika. Mtoto wa Jebel, ambaye nyumbani huenda akasema Kiarabu cha Juba, na kwa bibi yake Kibari au lugha nyingine, hupandishwa ngazi mbili kwa wakati mmoja. Akiteleza, si rahisi kujua ni ngazi ipi iliyomwangusha. Mwalimu huandika katika daftari kwamba amekosa hesabu, na pengine alichokosa ni neno moja la lugha asiyoizoea.

Mwezi wa Julai mwaka 2016 mapigano makali yalizuka Juba, na eneo la Jebel lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoumia sana. Watu wengi wa nchi hiyo walikimbilia Uganda, ambako kambi ya Bidibidi ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Watoto wakabadili tena shule, vitabu na lugha. Na katika mwaka huo wenye majonzi, Sudani Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mlango wa Kiswahili ukafunguka zaidi. Wapo leo mjini Juba watu wengi waliokirudisha Kiswahili kutoka uhamishoni Kenya na Uganda, na wapo wafanyabiashara wa nchi jirani wanaokitumia sokoni. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anapolitazama somo la kugawanya hadandii jambo lisilomhusu. Analo la kuchangia, kama tutakavyoona.

Maji ya Ishango na mikate ya Ahmose

Nile inapopita Juba huitwa Bahr el Jebel, yaani Mto wa Mlima. Maji yake hutoka katika maziwa makuu yetu. Sehemu yake hutoka Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo, hufuata mto Semliki hadi Ziwa Albert, kisha huteremka kaskazini na kuingia Sudani Kusini hapo Nimule. Mwanzoni mwa mto Semliki pana mahali paitwapo Ishango. Huko, mwaka 1950, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, ambao umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Katika safu mojawapo makundi matatu ya jozi huvuta macho: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5. Wapo wataalamu wanaoona hapo mtu akizidisha kwa mbili na kukata nusu. Wengine huona kalenda ya mwezi, na wengine huona mikato ya kuzuia mfupa usiteleze mkononi. Hatuwezi kumwita shahidi huyo mahakamani tukamtegemea, lakini ni vyema mwanafunzi ajue kwamba yuko.

Shahidi asiye na shaka yuko mwisho wa mto huo huo. Mnamo mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmose alinakili juu ya mafunjo kitabu cha hesabu, na mwenyewe alieleza kwamba ananakili maandiko ya kale zaidi. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na sasa sehemu yake kubwa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Miongoni mwa maswali yake ya awali ni kuwagawia watu 10 mikate: mkate 1, mikate 2, 6, 7, 8, na 9.

Tulichukue lile la mikate 6 kwa watu 10. Mwanafunzi wetu wa leo ataandika sifuri nukta sita, asijue amekula nini. Jibu la Ahmose ni nusu mkate na sehemu moja ya kumi ya mkate. Yaani, twaa mikate mitano, ikate katikati, upate nusu kumi. Kisha mkate wa sita ukate vipande kumi. Kila mtu apewe nusu moja na kipande kimoja. Jibu hilo ni sawa na letu kwa thamani, ila lina sifa ya ziada: kila mtu aona kwa macho yake kwamba fungu lake ni sawa na la mwenziwe. Wafanyakazi waliolipwa kwa mikate na pombe, kama walivyolipwa wa Misri ya kale, huenda hawakuridhika na usawa wa kwenye karatasi peke yake.

Wamisri waligawanyaje idadi kubwa? Ahmose atuonyeshe kwa mfano wake wa kugawanya 19 kwa 8. Anaandika 8 mara moja. Anazidisha kwa mbili, anapata 16, ambayo ni mara mbili. Akizidisha tena atapata 32, ambayo imepita 19, kwa hiyo anasimama na kugeuka. Sasa anakata nusu: nusu ya 8 ni 4, robo yake ni 2, thumni yake ni 1. Kisha anatafuta namba zitakazojumlika kuwa 19, naye aziona: 16 na 2 na 1. Zinalingana na mara mbili, robo, na thumni. Jibu ni 2 na robo na thumni. Hakukariri jedwali la nane wala hakukisia tarakimu. Alizidisha kwa mbili, akakata nusu, akajumlisha.

Kibaba, mirathi na rupia

Tukishuka sasa kutoka bonde la Nile hadi pwani yetu, tutakuta mwendo huo huo katika vipimo na maneno ya Waswahili. Nafaka ya pwani ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Mwenye pishi akitaka kugawa, hukata nusu akapata kisaga, akakata tena akapata kibaba. Methali yetu ya haba na haba hujaza kibaba ilizaliwa katika hesabu hiyo. Hata neno posho lina historia ya namna hii. Lilikuwa jina la kiasi cha chakula alichogawiwa mpagazi au askari kwa siku. Tanzania leo lina maana ya malipo ya ziada kwa mfanyakazi, na Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe. Watoto waliorudi Juba kutoka Uganda wanalijua neno hilo kwa mlo, na kumbe ni neno la kugawanya.

Mirathi ya Kiislamu ilikuwa shule nyingine. Mafungu yaliyotajwa katika Kurani ni sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Hebu yatazamwe vizuri. Nusu ikikatwa nusu ni robo, na robo ikikatwa nusu ni thumni. Theluthi mbili zikikatwa nusu ni theluthi moja, na theluthi ikikatwa nusu ni sudusi. Yote sita ni minyororo miwili ya kukata nusu. Kwa hiyo kadhi wa Lamu au wa Unguja, alipokuwa akiwagawia warithi nyumba, minazi na fedha, alitembea katika njia ambayo Ahmose angeitambua. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, alitumia sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kueleza hesabu za wasia na mirathi, ishara kwamba haja ya kuwagawia watu haki zao ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma hisabati mbele.

Fedha nazo zilifuata mkondo huo. Rupia ya India iliyotumika pwani ilikuwa na anna 16, na kila anna ilikuwa na pesa 4. Jumla ni pesa 64, namba ambayo yaweza kukatwa nusu mara sita hadi ibaki 1: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao kwa heller 100, na shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ikagawanywa kwa senti 100. Hesabu ya kuandika ilirahisika kwa mia. Lakini mia hukatwa nusu mara mbili tu, 50 na 25, kisha hukwama. Mtu wa soko alipoteza kidogo pale ambapo karani alipata.

Kanuni ya ubaoni ilitoka wapi?

Ndugu walimu, mara nyingi tunaifundisha kanuni ya gawanya, zidisha, toa, shusha kana kwamba iliteremka pamoja na tarakimu zenyewe. Historia yasema vingine. Tarakimu tunazotumia zilitoka Bara Hindi na kuenezwa na wanachuoni walioandika kwa Kiarabu, al-Khwarizmi akiwa miongoni mwao. Mwanzoni hesabu zilifanywa juu ya ubao uliotandazwa vumbi, tarakimu zikifutwa kwa kidole na kuandikwa nyingine mahali pake. Mwaka 952 al-Uqlidisi wa Damascus aliandika kitabu kilichoonyesha namna ya kufanya hesabu hizo kwa wino na karatasi bila ya kufuta. Mstari mlalo unaotenganisha namba ya juu na ya chini katika sehemu twaukuta kwa al-Hassar, mwanachuoni wa Maghribi wa karne ya kumi na mbili, na Leonardo wa Pisa akautumia katika kitabu chake cha mwaka 1202. Ama kugawanya kwa njia ndefu kwa umbo linalofanana na letu, kulipigwa chapa kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Filippo Calandri, mjini Florence, mwaka 1491. Alama ya ÷ yenyewe ilitumiwa kwa kugawanya na Mswisi Johann Rahn katika kitabu chake cha mwaka 1659.

Maana yake ni kwamba, kati ya Ahmose na Calandri imepita zaidi ya miaka 3,000, na wakati huo wote watu waligawanya mashamba, mikate, nafaka na urithi. Kanuni ya ubaoni ni chombo kizuri cha karani mwenye karatasi na haraka. Ni halali kuifundisha. Lakini si haki kumpima mtoto kwayo siku ya kwanza na kumhukumu kwamba hajui kugawanya, kwani binadamu walijua kugawanya muda mrefu kabla yake.

Gawa, gawia, gawana, gawanya

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana zawadi ya kutoa. Lugha nyingi zina neno moja la shule kwa jambo hili. Kiswahili, kwa viambishi vyake, kimelipambanua. Kugawa ni kutoa kwa mafungu. Kugawia ni kumpa mtu fungu lake. Kugawana ni watu kupeana wao kwa wao. Kugawanya ni kukitenga kitu kizima katika sehemu. Tunalo pia neno kasimu, lenye asili ya Kiarabu, ambalo leo twalisikia zaidi katika kukasimu madaraka. Mtoto asemaye Kiarabu cha Juba ataisikia sauti iliyo jirani ya mzizi huo katika lugha yake, kama atakavyoisikia nusu na robo.

Tofauti hizo zinagusa jambo ambalo huwachanganya watoto wengi. Alama moja ya kugawanya huficha maswali mawili. La kwanza: maembe 30 wagawie watoto 6, kila mmoja atapata mangapi? Hapa idadi ya watu inajulikana, fungu halijulikani. La pili: maembe 30 yapange sita sita, utapata mafungu mangapi? Hapa fungu linajulikana, idadi ya mafungu haijulikani. Jibu ni 5 kwa yote mawili, lakini mikono haifanyi kazi ile ile. Katika la kwanza mtoto huzunguka akitoa moja moja. Katika la pili hutenga sita, kisha sita nyingine. Mtoto wa Jebel ni bingwa wa swali la pili, kwa kuwa hilo ndilo la soko. Mwalimu akimweleza la kwanza peke yake, atakuwa ameufunga mlango ambao mtoto angeingilia.

Namna ya kumsaidia mtoto

Tuseme basi mtoto anatakiwa kugawanya 87 kwa 6. Mwalimu asianze na kanuni. Amwambie: una maembe 87, unayapanga sita sita. Fungu moja lina maembe mangapi? Sita. Mafungu mawili je? Kumi na mawili. Mafungu manne? Mtoto azidishe tu kwa mbili na kuandika, ubaoni, daftarini, au mchangani chini ya mti:

Fungu 1: maembe 6
Mafungu 2: maembe 12
Mafungu 4: maembe 24
Mafungu 8: maembe 48

Akienda mbele atapata 96, ambayo imepita 87, kwa hiyo anasimama. Sasa aanze kutoa kutoka chini ya orodha. 87 ukitoa 48 zabaki 39, na amekwisha kupanga mafungu 8. 39 ukitoa 24 zabaki 15, mafungu mengine 4. 15 ukitoa 12 zabaki 3, mafungu mengine 2. Tatu hazitoshi fungu. Mafungu yote ni 8 na 4 na 2, yaani 14, na baki ni 3.

Mtoto akosee wapi hapa? Akikosea kuzidisha kwa mbili, kosa laonekana katika mstari wake. Akisahau mstari mmoja, bado atafika, ila kwa hatua zaidi. Katika kanuni ndefu, tarakimu moja iliyokisiwa vibaya huharibu yote yanayofuata, na mtoto haoni alipoharibu. Baada ya wiki kadhaa za kazi hii, mwalimu amwonyeshe kwamba badala ya kupanga mafungu 8, kisha 4, kisha 2, angeweza kupanga mafungu 10 kwa mkupuo mmoja, maembe 60, kisha mafungu 4, maembe 24. Hiyo 10 na hiyo 4 ndizo 1 na 4 zinazokaa juu ya mstari katika kanuni ya ubaoni. Mtoto aliyefika hapo kwa miguu yake ataipokea kanuni kama mkato wa njia anayoijua.

Lugha iwe ile ambayo mtoto anaielewa. Mwalimu aulize kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kibari, au kwa Kiswahili ikiwa mtoto amekulia Kakuma au Kampala, na baadaye amfundishe maneno ya Kiingereza atakayohitaji katika mtihani. Ngazi hizi mbili zipandwe moja baada ya nyingine. Na mzazi asiyejua kusoma asiondolewe katika somo hili. Mama anayepanga nyanya Jebel anaweza kumsimamia mtoto wake katika orodha ile ya kuzidisha kwa mbili bila ya kushika kalamu.

Baki

Imesalia ile 3. Shuleni tunaandika baki 3, tunapiga mstari, tunafunga daftari. Nje ya shule, baki ndipo mazungumzo yanapoanza. Muuza maembe aweza kuyaongeza matatu hayo kama nyongeza kwa mnunuzi mwema. Aweza kuwapa watoto wake wale. Ahmose angeyakata nusu: maembe 3 ni nusu ya fungu la 6, kwa hiyo angeandika mafungu 14 na nusu. Kadhi angemtafuta mwenye haki nayo. Kila jibu ni sahihi mahali pake, na mtoto anayeulizwa yafanyweje yale matatu anafundishwa kufikiri pamoja na kuhesabu.

Watoto wa Jebel wamezaliwa katika nchi ambayo kugawana vyeo, mafuta na ardhi kumeigharimu damu nyingi. Hesabu ya darasa la nne haitaleta amani, wala tusijidanganye. Hata hivyo, mtoto anayejua kuonyesha, kwa kalamu au kwa maembe, kwamba fungu lake ni sawa na la mwenziwe, ana kitu cha kushika siku atakapoambiwa na mwenye nguvu kwamba alichopewa chamtosha. Wafanyakazi wa Misri huenda walitaka waone mikate ikikatwa mbele yao. Tumwezeshe mtoto huyu naye aone, na tumfundishe kwa maneno anayoyaelewa.